Upimaji wa Maarifa ya Jamii katika shule za msingi za Lushoto

Upimaji wa Maarifa ya Jamii katika shule za msingi za Lushoto ni utaratibu wa mitihani na mazoezi unaopima yale ambayo wanafunzi wa Milima ya Usambara, katika Mkoa wa Tanga, kaskazini mashariki mwa Tanzania, wamejifunza kuhusu familia, utamaduni, dini na kazi katika jamii. Mitihani mikubwa ni miwili: Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne na Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi wa darasa la saba. Yote miwili hutungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA).

Karatasi ya mtihani ni moja kwa Tanzania Bara nzima. Mtoto wa Mlalo hujibu maswali yaleyale anayojibu mtoto wa Mafia au wa Kigoma. Hesabu za kujumlisha hazibadiliki kutoka mkoa hadi mkoa, lakini familia, mila, ibada na kazi hubadilika. Kwa hiyo mwanafunzi wa Lushoto hujifunza mambo mawili kwa pamoja: jinsi jamii yake inavyoishi, na jinsi kitabu cha taifa kinavyoieleza jamii. Alama hutolewa kwa hilo la pili.

Mazingira

Usambara Magharibi ni safu ya milima iliyoinuliwa na mipasuko ya gamba la dunia, na ni sehemu ya Tao la Mashariki. Sehemu yake kubwa inahudumiwa na halmashauri za Lushoto na Bumbuli. Barabara kuu ya kupanda mlimani huanzia Mombo, hupita Soni na kufika mji wa Lushoto, ambao wakati wa Wajerumani uliitwa Wilhelmstal. Mbele zaidi kuna Magamba, Lukozi na Mlalo.

Wenyeji walio wengi ni Wasambaa, na lugha yao ni Kisambaa (pia Kishambaa). Wapo pia Wapare, Wambugu na watu waliohamia kutoka sehemu nyingine. Uislamu na Ukristo vyote vina waumini wengi, na kijiji kimoja huweza kuwa na msikiti na kanisa vinavyotazamana.

Historia

Kabla ya shule, maarifa ya jamii yalifundishwa nyumbani, shambani na katika jando na unyago. Hapakuwa na mtihani wa maandishi. Kijana alipimwa kwa kazi aliyopewa, kwa namna alivyowasalimu wakubwa na kwa hadithi za ukoo alizoweza kuzisimulia.

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walianzisha kituo Mlalo mwaka 1891, na baadaye Vuga na kwingineko. Shule zao zilitumia Kisambaa, ilhali shule za serikali ya kikoloni ya Kijerumani zilitumia Kiswahili. Tangu wakati huo swali la lugha ya kumfundishia mtoto wa Usambara habari za jamii yake limekuwapo.

Wakati wa Waingereza elimu ya Waafrika iligawanywa: darasa la kwanza hadi la nne lilikuwa shule ya chini, na la tano hadi la nane shule ya kati. Mitihani ilikuwa chujio kati ya ngazi moja na nyingine, na watoto wengi waliishia darasa la nne. Baada ya uhuru darasa la nane liliondolewa hatua kwa hatua, na mtihani wa darasa la saba ukawa ndio wa mwisho wa elimu ya msingi.

Mwezi Machi 1967 Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Humo alieleza kwamba mitihani ilikuwa imepewa uzito kupita kiasi: inapima uwezo wa kukariri mambo na kuyatoa kwa muda uliowekwa, lakini haipimi tabia ya mtu wala utayari wake wa kuwatumikia wenzake. Shule zilitakiwa kuwa na mashamba na miradi, na kazi iwe sehemu ya masomo. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilisisitiza kwamba tathmini ya mwanafunzi izingatie pia kazi na mwenendo wake. NECTA lilikuwa limeshaundwa kwa sheria ya mwaka 1973, baada ya Tanzania kujitoa katika baraza la mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971.

Wakati wa chama kimoja wanafunzi walisoma Siasa. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurudishwa mwaka 1992, somo hilo liliachwa na nafasi yake ikachukuliwa na Uraia. Historia, Jiografia na Uraia vimewahi kufundishwa pamoja na kwa nyakati nyingine kutenganishwa, lakini katika mtihani wa darasa la saba vilikaa kwa miaka mingi ndani ya karatasi moja iliyoitwa Maarifa ya Jamii.

Mwaka 2012 majibu ya darasa la saba yalianza kusahihishwa kwa kompyuta. Mwanafunzi alisiliba kwa penseli herufi ya jibu kwenye fomu maalumu. Baadaye maswali machache ya kuandika majibu mafupi yaliongezwa.

Muundo wa mitihani

Katika mtaala ulioanza kutumika katikati ya miaka ya 2010, mambo ya jamii yaligawanywa katika masomo mawili kuanzia darasa la tatu.

La kwanza ni Maarifa ya Jamii, linalohusu matukio katika mazingira, uzalendo na historia, ramani na mfumo wa jua, pamoja na kanuni za uchumi na uzalishaji mali. Tangu 2021 karatasi ya darasa la saba huitwa Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, kwa kuwa maswali ya kazi za mikono yameunganishwa humo.

La pili ni Uraia na Maadili, ambalo limejengwa juu ya mambo sita: kuiheshimu jamii, kuithamini jamii, kuwajibika, kuwa mstahimilivu, kuwa mwadilifu na kudumisha amani.

Upimaji wa darasa la nne hufanyika karibu na mwisho wa mwaka, nao huwa na maswali ya kuchagua, kuoanisha, kujaza nafasi na kutazama picha au ramani. Mtihani wa darasa la saba hufanyika kwa siku mbili mwezi Septemba. Tangu 2021 una karatasi sita, kila moja ikiwa na alama 50, jumla 300. Madaraja ya kila somo ni haya:

A: alama 41 hadi 50
B: alama 31 hadi 40
C: alama 21 hadi 30
D: alama 11 hadi 20
E: alama 0 hadi 10

Mwanafunzi mwenye wastani wa A, B au C huhesabiwa kuwa amefaulu. Kwa hiyo karatasi mbili za mambo ya jamii hubeba theluthi moja ya alama zote.

Wanafunzi wasioona hupewa karatasi za nukta nundu na muda wa ziada. Jambo hili linaihusu Lushoto moja kwa moja, kwa kuwa Irente, karibu na mji, kuna shule ya msingi ya watoto wasioona iliyo chini ya kanisa la Kilutheri.

Mada zinazopimwa

Familia

Vitabu hutofautisha familia ya baba, mama na watoto na familia pana yenye babu, bibi, shangazi, wajomba na binamu. Maswali huuliza majina ya uhusiano, wajibu wa kila mmoja na umuhimu wa familia.

Ugumu hutokea pale neno la mtihani lina maana finyu kuliko neno la nyumbani. Katika Usambara, kama katika sehemu nyingi za Tanzania, mdogo wa baba ni baba, dada wa mama ni mama, na watoto wao ni ndugu. Mtoto akiulizwa ana ndugu wangapi, jibu la nyumbani linaweza kuwa kumi na tano na jibu linalotakiwa kitabuni likawa watatu. Kadhalika, swali kuhusu kazi za baba na mama linaweza kumpa shida mtoto anayelelewa na bibi kwa sababu wazazi wamekwenda kutafuta maisha Tanga au Dar es Salaam. Yeye hajui kidogo kuhusu familia kuliko wenzake. Pengine anajua zaidi, kwa kuwa anafanya kazi ambazo kitabu huwapa wazazi.

Utamaduni

Utamaduni hupimwa kwa vipengele vyake: mila, desturi, lugha, sanaa, mavazi na vyakula. Swali la kawaida humtaka mwanafunzi atambue kipengele cha utamaduni, au atenganishe mila za kudumishwa na mila za kuachwa.

Usambara ina hazina kubwa katika eneo hili. Masimulizi ya Mbegha, mwindaji aliyetoka Unguu baada ya kukataliwa na ndugu zake kwa kuwa alizaliwa kigego, yanajulikana sana. Inasimuliwa kwamba aliwagawia watu nyama, akaua simba, akapewa utawala na kuanzisha ukoo wa Wakilindi wenye makao Vuga. Aliwaoa wanawake wa koo mbalimbali, na watoto wao walitawala kwa kuungwa mkono na wajomba zao. Habari hizo ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi katika kitabu cha Habari za Wakilindi. Mmoja wa wazao wa Mbegha ni Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa karne ya 19.

Wasambaa walimtazama mtawala kama mtu mwenye mvua. Mtawala mwema alisifiwa kwa kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na ugomvi wa watawala ulisemekana kubana shi, yaani kuiharibu nchi. Dhana hiyo inaunganisha siasa, dini na kilimo. Katika mtihani mambo hayo matatu hukaa kwenye mada tofauti, na mtawala wa jadi hutajwa kwa jina lake na kabila lake tu. Mwalimu anayejua masimulizi huweza kuyatumia kufundishia, lakini hawezi kutegemea kwamba yatatoka.

Dini

Tanzania ni nchi isiyo na dini ya serikali, na katiba, katika ibara ya 19, inalinda uhuru wa kuabudu. Sensa haijauliza dini ya mtu tangu ile ya 1967. Mitihani ya taifa ya shule za msingi ilifuata njia hiyohiyo kwa muda mrefu: haikumuuliza mwanafunzi mafundisho ya imani yake, bali ilimuuliza kuhusu kustahimiliana, kuheshimu imani za wengine na kudumisha amani.

Mafundisho yenyewe yalikuwa katika vipindi vya dini, ambamo Waislamu na Wakristo hutengana kwa muda na kufundishwa na walimu wao. Nje ya shule kuna madrasa, shule ya Jumapili na mafundisho ya kipaimara. Upande wa Waislamu upo pia mtihani wa Elimu ya Dini ya Kiislamu wa darasa la saba, ambao matokeo yake hayaingii katika alama za kwenda sekondari.

Kwa mtoto wa Lushoto, ustahimilivu wa dini kwa kawaida si jambo la kukariri. Ndugu wa ukoo mmoja huweza kuwa Waislamu na Wakristo, na husaidiana katika misiba, harusi na sikukuu. Hapa swali la mtihani na maisha ya nyumbani hukutana bila shida.

Kazi

Mada ya kazi huonyesha wazi zaidi tofauti kati ya kitabu na mlima. Kwa desturi ya vitabu vya shule, mazao ya biashara ni kahawa, chai, pamba, mkonge, korosho na tumbaku. Mahindi, maharage na viazi huwekwa katika mazao ya chakula. Katika Usambara chai na kahawa zipo, na mkonge uko chini bondeni kuelekea Mombo na Korogwe. Lakini fedha za kaya nyingi hutokana na kabichi, karoti, nyanya, hoho, viazi mviringo na matunda kama peasi na plamu, vinavyopakiwa Lukozi, Soni na Lushoto kwenda masoko ya Tanga na Dar es Salaam.

Kwa mfano, swali likimtaka mwanafunzi achague zao la biashara kati ya mahindi, viazi mviringo, mkonge na maharage, jibu linalosahihishwa kuwa sawa ni mkonge. Mtoto aliyenunuliwa sare na madaftari kwa fedha za viazi anaweza kusiliba viazi. Kwa uchumi wa nyumbani kwao hajakosea, ila amepoteza alama.

Hifadhi ya udongo ni mfano mwingine. Kitabu hufundisha kwamba matuta na upandaji miti huzuia mmomonyoko. Lushoto watu wanalijua jambo hili pamoja na uchungu wake. Mradi wa kikoloni wa bonde la Mlalo, ulioanza 1946, uliwalazimisha wakulima kuchimba matuta kwenye mashamba yao. Kazi hiyo ilikuwa nzito na iliwaelemea hasa wanawake. Ulipingwa vikali, na ukaachwa mwaka 1957. Baadaye wakulima wengi walichimba matuta na kupanda majani ya mifugo kwenye kingo zake walipoona faida yake. Mtihani huuliza faida za matuta. Masimulizi ya kwa nini wazee waliyakataa hubaki kwa wazee.

Stadi za Kazi zinajumuisha usafi, mapishi, ufundi, ususi na ujasiriamali. Nazo hupimwa kwa kalamu. Mwanafunzi anayejua kusuka kikapu na asiyewahi kushika ukindu wanaweza kupata alama sawa, ikiwa wote wanakumbuka majina ya vifaa. Hili ndilo jambo ambalo andiko la 1967 lililalamikia.

Lugha

Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na mtihani huwa kwa Kiswahili. Shule zinazofundisha kwa Kiingereza hupewa karatasi ya Kiingereza. Kisambaa hakina nafasi rasmi darasani, ingawa watoto wengi wa vijijini hukizungumza kabla ya kuanza shule, na walimu wa madarasa ya chini hukitumia kueleza neno gumu.

Kufikia darasa la saba wanafunzi wengi hukijua Kiswahili vizuri. Tatizo linalobaki ni maneno ya kitaalamu kama "uzalishaji mali", "mfumo dume" au "stadi". Swali linaweza kuwa jepesi kwa maana lakini likakosewa kwa neno moja.

Maandalizi

Kabla ya Septemba wanafunzi wa darasa la saba hufanya mitihani mingi ya majaribio. Ipo ya shule, ya kata, ya ujirani mwema ambayo shule jirani hutunga na kusahihisha kwa pamoja, na ile ya utamilifu ya wilaya au mkoa. Walimu hutumia karatasi za miaka iliyopita na taarifa za uchambuzi wa majibu zinazotolewa na NECTA, ambazo huonyesha ni asilimia ngapi ya watahiniwa walichagua kila herufi na kwa nini wengine walipotea.

Mazoezi hayo huwazoesha watoto namna ya kuuliza ya mtihani. Kwa upande mwingine hupunguza muda wa kutembelea mashamba, kuwaalika wazee shuleni au kufanya kazi za mikono. Milimani kuna ugumu wa ziada: msimu wa mvua njia huteleza, ukungu huchelewesha watoto wanaotoka vitongoji vya mbali, na siku za mavuno au za soko baadhi yao hubaki kusaidia nyumbani. Kinyume chake ni kwamba siku hizohizo za shambani na sokoni ndizo zinazowafundisha mada ya kazi.

Matokeo na athari zake

Baada ya matokeo, TAMISEMI hutangaza wanafunzi waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Wachache wenye alama za juu hupelekwa shule za bweni, na wengi hupangiwa shule za kata za kutwa. Kabla ya shule za kata kuenea kuanzia mwaka 2004, nafasi zilikuwa chache sana, na kushindwa darasa la saba kulikuwa karibu sawa na kufunga mlango wa shule. Ada ya shule za sekondari za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016. Hata hivyo asiyefaulu hapangiwi shule ya serikali, na familia isiyoweza kulipia shule binafsi humbakiza kijana nyumbani. Wengi huingia katika kilimo cha mboga, biashara ndogo, ufundi, au huenda mijini kufanya kazi za nyumbani.

Kuanzia matokeo ya mwaka 2022 NECTA liliacha kutangaza orodha ya shule na wanafunzi bora kitaifa.

Mabadiliko tangu 2024

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeleta mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024 kwa hatua. Elimu ya msingi inapunguzwa kuwa ya miaka sita. Wanafunzi walioanza darasa la tatu mwaka 2024 wanatarajiwa kumaliza darasa la sita mwaka 2027, pamoja na darasa la saba la mwisho la mtaala wa zamani.

Katika mtaala huo mambo yaliyokuwa ndani ya Maarifa ya Jamii na Uraia na Maadili yamepangwa upya. Yapo sasa masomo ya Historia ya Tanzania na Maadili, Jiografia na Mazingira, Sanaa na Michezo, na Elimu ya Dini. Kwa hiyo dini imepata nafasi ya somo kamili, utamaduni umekaribiana na sanaa, na familia na maadili vimeunganishwa na historia ya taifa. Kwa shule za Usambara, mtaala mpya unafungua nafasi ya masimulizi ya Mbegha, habari za Vuga na matuta ya Mlalo kuingia darasani kama mifano. Kama yataonekana pia katika alama itategemea aina ya maswali yatakayotungwa.

Tazama pia

Wilaya ya Lushoto
Milima ya Usambara
Wasambaa
Baraza la Mitihani la Tanzania
Elimu ya Kujitegemea